Hukumu ya Kutibu Goti kwa Plazima ya Damu ya Mgonjwa Mwenyewe

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Swala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Maswahaba zake wote. Ama ba'ad.

Swali tunalolijibu hapa limetufikia zaidi ya mara moja, na kila mara kwa sura ile ile. Mzee wa makamo anaumwa na magoti. Amepigwa picha, na daktari amemwambia kuwa gegedu la goti limeanza kusagika lakini bado ni mapema, na kwamba ipo sindano inayoweza kumsaidia: atatolewa damu yake mwenyewe mkononi, itazungushwa kwenye mashine, kisha sehemu yake itachomwa ndani ya goti. Mzee anarudi msikitini na kumuuliza imamu wake: Je, damu si najsi? Nikishaitia gotini, swala yangu itakuwaje? Na mimi nia yangu ni kwenda Hijja mwakani.

Wanafunzi wetu wawili waliulizwa swali hili wakatoa majibu mawili. Mmoja alisema ni haramu, kwa kuwa damu ni damu. Wa pili alisema ni halali bila ya shaka yoyote, kwa kuwa ni damu yake mwenyewe na inarudi ilikotoka. Tunaona wote wawili wameharakisha. Wa kwanza hakuuliza madaktari wanafanya nini hasa, na wa pili hakufungua vitabu. Mwenye kutoa fatwa hana budi kulitasawari jambo kwanza, kwani hukumu juu ya kitu ni tawi la kukijua kitu chenyewe.

Basi tuanze na kitu chenyewe. Ncha za mifupa inayokutana gotini zimefunikwa na gegedu, tabaka laini na telezi linalozuia mfupa kusagana na mfupa. Gegedu halina mishipa ya damu, na kwa sababu hiyo likichakaa halijitengenezi kwa wepesi kama ngozi au nyama. Umri, uzito mkubwa wa mwili, majeraha ya zamani na kurithi ni miongoni mwa sababu zake. Madaktari wana kipimo cha kuusoma ugonjwa huu katika picha ya eksirei, kilichotolewa na Kellgren na Lawrence mwaka 1957, chenye daraja kuanzia 0 hadi 4. Daraja la 4 ni goti ambalo nafasi baina ya mifupa imekaribia kwisha. Wanaposema mapema huwa wanakusudia daraja za chini.

Damu nayo, ukiitoa mwilini na kuitia dawa ya kuizuia isigande, kisha ukaizungusha kwa kasi, hujitenga. Chembe nyekundu, kwa uzito wake, hushuka chini. Juu hubaki maji ya rangi ya manjano ambayo ndiyo plazima, na baina yao hukaa utando mwembamba wa chembe nyeupe. Pamoja na hizo mna chembe sahani, yaani zile chembe ndogo sana zinazokimbilia kwenye jeraha na kuliziba. Mtu mzima huwa nazo baina ya 150,000 na 450,000 katika kila maikrolita moja ya damu. Ndani ya chembe hizi mna protini zinazouchochea mwili kukarabati sehemu iliyoumia. Hoja ya tiba hii ni kwamba ukizikusanya chembe hizo kwa wingi katika plazima kidogo, ukazipeleka gotini, zitatuliza uvimbe na kupunguza maumivu. Kazi yote, tangu kutoa damu mpaka kuchoma, hukamilika katika kikao kimoja, na madaktari wengine huirudia mara 2 au 3. Katika miaka ya 1990 tiba hii ilijulikana zaidi kwa madaktari wa upasuaji wa taya na meno, kisha ikaenea kwa watibabu wa wanamichezo na wa viungo.

Sasa tuje kwenye fiqhi. Kwamba damu inayotiririka ni haramu kuliwa, hilo ni kwa nassi ya Qur'ani katika Suratul Baqara aya ya 173, Al-Maida aya ya 3, An-Nahl aya ya 115, na kwa sifa ya kutiririka katika Al-An'am aya ya 145. Na kwamba ni najsi, hilo wamelishika wanavyuoni wa madhehebu manne, na Imamu An-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameeleza katika Al-Majmu' kuwa hajui khilafu ya kuzingatiwa katika hilo. Damu ya binadamu haitoki katika hukumu hii. Mtu hawezi kusema ni damu yangu kwa hiyo ni twahara, kama ambavyo hawezi kusema hivyo kuhusu mkojo wake.

Je, plazima ni damu? Hapa baadhi ya watu wamejaribu kupita njia ya istihala, yaani kugeuka kwa kitu kikawa kitu kingine, kama mvinyo unapogeuka siki wenyewe. Wanasema: damu ni nyekundu, na hii ni maji ya manjano, basi imegeuka. Hatulikubali hili. Mashine haikugeuza kitu, imetenganisha tu. Yale maji ya manjano yalikuwamo ndani ya damu tangu mwanzo, na ukiyachanganya tena na chembe nyekundu damu inarudi rangi yake ile ile. Mafaqihi wetu wa Kishafii hawakuhukumu kwa rangi peke yake. Usaha na majimaji ya jeraha yaliyochanganyika na damu wameyahesabu kuwa ni najsi, ilhali si mekundu. Plazima basi ni sehemu ya damu, na asili yake ni najsi baada ya kutoka mwilini.

Likithibiti hilo, suala linakuwa ni lile lile la zamani: kujitibu kwa kitu najsi. Na hapa bahari ni pana.

Imepokewa na Abu Dawud kuwa Mtume (S.A.W.) alieleza kwamba Allah ameteremsha maradhi na dawa, akaamrisha watu wajitibu na akakataza wasijitibu kwa haramu. Na katika Sahihi Muslim, Tariq bin Suwayd alipomuuliza juu ya mvinyo anaoutengeneza kwa ajili ya dawa, alijibiwa kuwa huo si dawa bali ni maradhi. Kwa upande wa pili, Bukhari na Muslim wamepokea kwa Anas kuwa Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha watu wa Urayna, waliougua walipofika Madina, wanywe maziwa ya ngamia na mikojo yao. Kwa wasemao kuwa mkojo wa ngamia ni najsi, nao ndio msimamo wa madhehebu yetu, hadithi hii ni dalili ya wazi kwamba najsi inaruhusiwa kwa tiba, na kwamba lile katazo linahusu pombe, au linahusu hali ambayo dawa twahara ipo.

Hivyo ndivyo alivyolipanga An-Nawawi: kujitibu kwa najsi isiyo pombe kunajuzu pale isipopatikana twahara ya kushika mahala pake, na awe mgonjwa mwenyewe anaijua tiba, au ameambiwa na tabibu Mwislamu mwadilifu kwamba hakuna kingine kinachofaa. Tabibu akisema kuwa kwa najsi hiyo mgonjwa atapona haraka zaidi tu, Mashafii wana kauli mbili. Izzuddin bin Abdis Salam (aliyefariki mwaka 660 Hijria) ametoa sababu yake katika Qawa'idul Ahkam: maslahi ya afya na salama ni makubwa kuliko maslahi ya kuepuka najsi. Wahanbali wamekaza zaidi. Ibn Taymiyya ana hoja ambayo msomaji anapaswa kuitia akilini, maana tutairudia: aliyeshikwa na njaa akila mzoga, njaa yake inaondoka kwa yakini. Ama mwenye kujitibu, hana yakini kuwa dawa ile itamponya, na huenda akapona kwa nyingine au bila ya dawa yoyote.

Kuhusu swala ya aliyekwisha kuchomwa, wanavyuoni wa Kishafii walilijadili suala lililo karibu mno na hili kabla ya mashine yoyote kubuniwa. Katika mlango wa twahara ya mwenye kuswali wamemtaja mtu aliyevunjika akaungwa kwa mfupa najsi. Ikiwa alihitaji na hakupata mfupa twahara, amesamehewa na swala yake ni sahihi. Ikiwa hakuhitaji, au twahara ulikuwapo, analazimika kuutoa maadamu hachelei madhara, na akichelea kuharibikiwa na kiungo halazimiki. Kisha wakaunganisha na mfupa huo mambo mengine: aliyeshona jeraha lake kwa uzi najsi, aliyetia dawa najsi, aliyejichanja chale, na, sikilizeni vizuri, aliyepasua mahali mwilini mwake akatia damu ndani yake. Wote hukumu yao ni moja na ya mfupa. Tulipokuwa tukisoma mas'ala haya chuoni tuliyaona ni ya kunoa bongo tu, kwani nani atajipasua mwili atie damu? Allah awarehemu wale wazee, hawakuandika bure.

Kwa kipimo hiki, aliyechomwa plazima gotini kwa ushauri wa tabibu anayeaminika, baada ya kuhitaji, hana dhambi, swala yake ni sahihi na hakuna kulipa. Hata aliyechomwa pasipo haja ya kweli, plazima ikishaingia kwenye kiungo hainyonyeki tena ikatoka yote bila ya kuleta madhara. Huyo atubie kwa kuharakisha kwake, aswali, na swala yake ni sahihi. Wasiambiwe wazee wetu kwamba swala zao za mwaka mzima zimepotea. Tumesikia aliyeambiwa hivyo, akawa halali usiku kwa hofu. Huo ni uzito ambao sheria haikuuweka.

Anayesema damu hii imerudi ilikotoka ana sehemu ya haki, ingawa haimtoshi peke yake. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika azimio lake namba 26 la kikao cha nne kilichofanyika Jeddah mwaka 1988, lilijuzisha kuhamisha kiungo kutoka sehemu moja ya mwili wa mtu hadi sehemu nyingine ya mwili wake huyo huyo, kwa sharti la kuhakikisha kuwa manufaa yanayotarajiwa yanashinda madhara. Kwa hiyo kule kuwa damu ni yake kunaondoa mashaka ya heshima ya mwili wa mtu mwingine, na kunapunguza hatari ya maradhi ya kuambukizwa, ikiwa chupa imeandikwa jina na haikubadilishwa na ya mgonjwa wa pili. Lakini tazama lile sharti: manufaa yashinde madhara. Na hapo ndipo tunapolazimika kuwauliza madaktari swali gumu zaidi, nalo ni kama tiba hii inafaa kweli.

Majibu yao hayakukutana. Zipo tafiti kadhaa zilizoonyesha wagonjwa wa daraja za mapema wakipata nafuu kwa miezi kadhaa, na nyingine zikaiona bora kuliko sindano za kulainisha goti. Nyingi katika hizo zilikuwa na watu wachache, na kila kituo kiliandaa plazima kwa namna yake. Mwaka 2021 ukachapishwa katika jarida la madaktari wa Marekani utafiti uliofanywa Australia, katika miji ya Sydney na Melbourne, kwa watu 288 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, ambao magoti yao yalikuwa katika daraja nyepesi hadi ya kati. Nusu yao walichomwa plazima mara 3, kila wiki mara moja, na nusu ya pili walichomwa maji ya chumvi tu, bila ya mgonjwa kujua amechomwa nini. Baada ya miezi 12 maumivu ya waliochomwa plazima yalipungua kwa 2.1 katika kipimo cha 0 hadi 10, na ya waliochomwa maji ya chumvi yalipungua kwa 1.8. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi cha kutozingatiwa. Gegedu nalo halikuonyesha tofauti baina ya makundi mawili. Kabla ya hapo, mwongozo wa mwaka 2019 wa chuo cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani ulishauri kwa mkazo tiba hii isitumike kwa goti, kwa kuwa maandalizi yake hayana kipimo kimoja. Madaktari wa upasuaji wa mifupa wa nchi hiyo hiyo, katika mwongozo wao wa 2021, wakasema inaweza kupunguza maumivu, lakini wakaupa ushauri huo daraja dhaifu.

Mwenye kusoma fiqhi ataona mara moja matokeo yake. Sharti la Mashafii lilikuwa isipatikane twahara ya kushika mahala pa najsi. Na huu utafiti unasema maji ya chumvi, ambayo ni twahara kwa ijmai, yalifanya kazi inayokaribia kuwa ile ile. Hoja ya Ibn Taymiyya nayo inapata nguvu hapa kuliko popote. Hatusemi kuwa utafiti mmoja umefunga mlango, kwa sababu madaktari wenyewe bado wanahitilafiana, na mgonjwa mmoja si sawa na mwingine. Lakini tunasema kuwa ruhusa hii imesimama juu ya kauli ya tabibu kwamba haja ipo na badili haipo, na tabibu huyo asiwe ndiye mwenye kuuza sindano peke yake. Mgonjwa aulize daktari wa pili.

Badili zenyewe zipo, na ni twahara. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito wa mwili ndivyo vinavyopewa nafasi ya kwanza katika miongozo yote tuliyoitaja. Kuna bakora, ambayo wengine wanaionea haya, na kuna dawa za kupaka. Aliyejaribu haya kwa uaminifu kwa miezi, asipate nafuu, na tabibu mwadilifu akamwambia kwa hali yake plazima inatarajiwa kumfaa, huyo kwa maoni yetu ameingia katika ruhusa. Aliyeisikia kwa jirani akakimbilia sindano siku ya kwanza, hajaingia.

Yako mambo madogo yanayoulizwa pamoja na hili. Kutolewa damu hakuvunji udhu kwetu Mashafii, kwani haikutoka katika njia mbili. Kwa Wahanafi damu inayotiririka inauvunja, basi kutawadha upya ni kutoka katika khilafu. Damu inayobaki kwenye tundu la sindano ni chache na imesamehewa. Ama swaumu, kutoa damu kunafanana na kuumika, na Bukhari amepokea kwa Ibn Abbas kuwa Mtume (S.A.W.) aliumikwa hali amefunga. Wahanbali wanaona kuumika kunafunguza. Na sindano ya gotini haifunguzi, kwani goti si jawfu. Mafaqihi wetu wamesema wazi kuwa dawa ikifika ndani ya nyama ya muundi, au kisu kikafika kwenye uboho wake, mtu hafunguki. Azimio la Baraza la Fiqhi la mwaka 1997 nalo limezitoa sindano za tiba zisizo za lishe katika vinavyofunguza. Pamoja na hayo, aliye mwezini Ramadhani na hana haraka, afanye usiku.

Malipo je? Imepokewa na Bukhari kwa Abu Juhayfa kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza thamani ya damu. Lakini mgonjwa hapa hanunui damu, analipa ujira wa kazi na vifaa. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alimlipa Abu Tayba aliyemuumika. Ila ujira ukiambatana na ahadi ya uongo, kwamba gegedu litaota upya na goti litarudi la ujana, huo ni udanganyifu katika mauzo na si halali kwa mwenye kuutoa. Anayejifanya tabibu na hajulikani kwa utabibu, akamdhuru mtu, analazimika kulipa madhara kwa hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na wengineo. Mgonjwa aulize pia ni dawa gani imetiwa kuzuia damu isigande au kuiamsha. Ile ya sitrati haina neno. Zipo nyingine zinazotokana na wanyama, na asili yake ijulikane.

Tumeona pia wengi wanaokimbilia sindano hii wanasukumwa na hofu ya kuswali wameketi. Wanaona kiti msikitini ni aibu, au thawabu zitapungua. Imran bin Huswayn alifundishwa na Mtume (S.A.W.) aswali amesimama, asipoweza aketi, asipoweza alale ubavu. Ibn Umar, pamoja na kushikamana kwake na Sunna, alikuwa akikunja miguu kando katika kikao cha swala, na alipoulizwa alieleza kuwa miguu yake haimchukui. Mwenye kuweza kusimama lakini hawezi kusujudu asimame katika kisimamo, kwa kuwa kisimamo ni nguzo anayoiweza, kisha arukuu kwa kadiri yake na aketi kwa ajili ya kuashiria sijda. Kosa tunaloliona kwa maimamu kulinyamazia ni mtu anayetembea kwa miguu yake tangu nyumbani hadi msikitini, kisha anakaa kitini tangu takbira ya kuhirimia.

Na kwa yule mzee mwenye nia ya Hijja: asiuze shamba kwa ajili ya sindano. Sa'yi ya Safa na Marwa ni takriban kilomita 3 kwa mizunguko yote saba, na viti vya magurudumu vipo. Ummu Salama (R.A.) alipolalamika kuwa anaumwa, Mtume (S.A.W.) alimwamrisha atufu nyuma ya watu akiwa amepanda mnyama. Pesa za nauli aziweke, aanze mazoezi leo, na akirudi kwa daktari amuulize maswali tuliyoyataja.

Wallaahu A'lam.